Zamu ya Nyumba Kumi

Sipendi watu wanaosema kwamba zamani nilikuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni. Kwanza, kijiji chetu cha Unyamsonga hakikuwa na mtaro hata mmoja. Kilikuwa kijiji kipya, cha ile Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, nyumba zimepangwa kwenye mistari iliyonyooka, na bwana aliyekuja kuipima mistari hiyo kwa kamba alituahidi mitaro mwaka utakaofuata. Mimi niliokotwa njiani, penye vumbi safi, na mara nyingi nilikuwa nimejilaza kwa hiari yangu.

Jina langu ni Damiani, fundi cherehani. Mwaka ule wa sabini na tano nilikuwa fundi pekee kutoka kwetu mpaka karibu na Ikungi, na hilo ndilo lililowafanya watu wanivumilie. Asubuhi mikono yangu ilitetemeka. Jioni, baada ya mtukuru, ile pombe yetu ya mtama, ilitulia. Kwa hiyo nilishona jioni, na mtu akishona huku ametulia kupita kiasi anaweza kukosea kidogo. Nilishona sare kumi na mbili za mgambo wa kijiji, na zote mkono wa kushoto uliishia kwenye kiwiko. Mwenyekiti hakunifanya lolote, kwa sababu mgeni aliyekuja kukagua gwaride alidhani ndiyo mtindo mpya na akausifu.

Mke wangu Magdalena hakucheka. Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa na binti mmoja, Dorika. Siku niliyomshonea Dorika gauni la komunyo ya kwanza lisilo na tundu la kupitishia kichwa, Magdalena alilikunja, akaliweka mezani, akakaa mbele yangu. Alisema kwamba amechoka. Angenitafutia tiba popote ilipo, na ikishindikana kabla ya kuvuna mtama, angemwita kaka yake Marko kutoka Ikungi aje na mkokoteni wa ng'ombe, yeye na mtoto warudi kwao. Magdalena si mtu wa kusema jambo mara mbili. Niliogopa sana siku ile, na hofu hiyo ikanipeleka moja kwa moja kunywa.

Tuliianza safari ya tiba kwenye zahanati. Tabibu wetu, Simeoni, alikuwa na klorokwini, aspirini, na ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Alinitazama ulimi, akaniuliza nakunywa kiasi gani, akaandika nusu ya nilichomwambia kwa sababu alidhani natia chumvi. Mwishowe alikiri kwamba kwa pombe hana kidonge wala sindano, ila ili nisirudi mikono mitupu alinipa dawa ya minyoo. Akamweleza Magdalena kwamba mbali huko, mkoa mwingine, ipo hospitali wanakowaweka watu wa namna yangu pamoja na wagonjwa wa akili. Magdalena aliuliza kama wakishawekwa hurudi. Simeoni akasema baadhi hurudi. Magdalena akamwambia kwamba anatafuta wa kumponyea mume, si wa kumhifadhia.

Kutoka hapo tulikwenda Itigi, kwa mganga mmoja aliyeishi porini kwenye vichaka vile visivyopitika. Watu walimsifu kwamba hajawahi kushindwa na mlevi. Alichimba mzizi mbele yetu, akautwanga, akaeleza kwamba dawa hii haifanyi kazi ndani ya maji wala maziwa. Hufanya kazi ndani ya pombe ya asali tu, vibuyu saba, kibuyu kimoja kila siku bila kuruka. Sijawahi kufuata maagizo ya mganga kwa uaminifu namna ile. Siku ya saba nilimwambia Magdalena kwamba najisikia vizuri mno na kwamba ingefaa turudie dozi. Yeye akauliza ni nani sasa atakayeniponya ile dawa.

Katekista naye alijaribu. Aliniapisha Jumatano ya Majivu, mkono juu ya msalaba, kwamba sitagusa pombe Kwaresima nzima. Nilishika kiapo mpaka Ijumaa, na bado naamini kwa mtu kama mimi siku mbili hazikuwa haba. Katekista hakuliona hivyo.

Ndipo Magdalena alipolipeleka shauri kwa Yeremia, balozi wetu wa nyumba kumi. Yeremia alikuwa ametoka kwenye semina ya siku mbili mjini Singida. Alirudi na daftari jipya na kalamu mbili mfukoni, naye alikuwa anatafuta tatizo. Aliitisha mkutano siku ile ile. Alisimama akaeleza kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kukaa kinangoja tiba itoke nje huku kina nguvu zake chenyewe. Kama tunalima pamoja na kuchimba kisima pamoja, kwa nini tusimponye mlevi pamoja? Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, maana alisema vizuri.

Azimio likaandikwa hivi: Damiani atakaa siku tatu katika kila nyumba ya shina letu, kuanzia ya kwanza kwenye mstari mpaka ya kumi. Atalala hapo, atakula hapo, atafanya kazi za nyumba hiyo chini ya uangalizi, na katika muda huo wote asionekane kilabuni. Siku thelathini kwa jumla. Nakala ilipelekwa ofisi ya kata ikagongwa mhuri, na Yeremia akairudisha ameikunja ndani ya leso. Magdalena alikubali kungoja siku hizo thelathini. Siku ya thelathini na moja, aliniambia, Marko atakuwa mlangoni.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Yeremia mwenyewe. Nilifika na mkeka wangu kwapani, tukasalimiana, nikapewa kiti, na hapo shida ikaanza. Kwetu mgeni aliyekuja kulala hapewi maji matupu. Huletewa kata ya mtukuru, mwenye nyumba anatangulia kuonja ili mgeni aone hakuna sumu, kisha anampa kwa mikono miwili. Ukiikataa kata hiyo umemwambia mwenye nyumba kwamba ni mchawi, na maneno hayo hayafutiki kwa kuomba radhi. Mke wa Yeremia alileta kata kwa mazoea tu. Yeremia aliitazama, akanitazama mimi, akafungua daftari akalisoma azimio tangu mwanzo. Azimio lilisema kilabuni. Hapa si kilabuni. Akaonja, akanipa.

Ningefanyaje? Mimi ni nani nimwite balozi wa nyumba kumi mchawi?

Habari zilitangulia mbele yangu kwenye mstari. Mwanamke wa nyumba ya pili alisikia jinsi mke wa Yeremia alivyonipokea, naye hakutaka isemwe kwamba kwake kuna unyimivu. Wa tatu hakutaka kushindwa na wa pili. Kwa kuwa ratiba ilijulikana, kila nyumba iliweza kupika mapema ili pombe iive siku ya kufika kwangu. Nilipata heshima ambayo sikuipata hata siku ya harusi yangu. Kila jioni Yeremia alipita na daftari, akauliza kama nimeonekana kilabuni. Sijaonekana. Kilabuni ningekwenda kutafuta nini? Akaandika kwamba maendeleo ni mazuri.

Nyumba ya nne ilikuwa yangu mwenyewe. Azimio halikuwa limeiruka, kwa hiyo nilibisha hodi nikiwa na mkeka kwapani, na Magdalena akanipokea kwa zamu yake. Aliniletea maji. Akaonja kwanza, akanipa kwa mikono miwili, uso wake mkavu. Siku ya pili nilikuwa natetemeka mpaka meno, na ya tatu sikuimaliza. Nilihamia nyumba ya tano kabla ya wakati, nikamlalamikia Yeremia kwamba nyumba namba nne haina ukarimu. Mungu anisamehe, niliyasema hayo, na Yeremia aliyaandika.

Siku ya ishirini na sita Magdalena alinikuta kisimani. Hakunisalimia. Alizunguka akasimama upande upepo unakoelekea, akavuta pumzi mara moja, akajitwika ndoo yake akaondoka. Jioni hiyo alituma ujumbe Ikungi.

Zikabaki siku tatu na nyumba moja, na hapo ndipo Yeremia alipogundua kwamba hakuna mtu aliyehesabu mpaka kumi siku ya kuandika azimio. Nyumba ya kumi, ya mwisho kwenye mstari, ilikuwa ya Mama Klara. Na nyumba ya Mama Klara ndiyo ilikuwa kilabu, pale pale ilipokuwa tangu miaka mingi kabla ya Operesheni. Yeye mwenyewe hakuwapo mkutanoni kwa sababu siku ile alikuwa anachuja pombe.

Wazee walikaa asubuhi nzima. Azimio lilisema nikae nyumba ya kumi. Azimio hilo hilo lilisema nisionekane kilabuni. Kulibadilisha hawawezi, lina mhuri wa kata. Hatimaye Yeremia alipata njia. Alisema kwamba nitakaa kwa Mama Klara kama ilivyoandikwa, ila ni marufuku kwa mwanakijiji yeyote kuniona.

Nilikwenda nyumba ya kumi nikiimba. Nakiri hilo. Nilijua Marko anakuja Jumatatu, nilijua hiyo ni Ijumaa, na bado nilikwenda nikiimba, kwa sababu mlevi hawezi kuona mbali kuliko kopo lililo mbele yake.

Mama Klara alikuwa mjane wa makamo, Mnyiramba wa Shelui, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kubeba madebe. Kule Shelui alikuwa amewapikia pombe madereva wa malori kwa miaka mingi kabla ya kuolewa kwetu. Nilimpa shikamoo, nikaketi, nikangoja kata. Hakuleta. Aliendelea kupepeta kimea. Nilipokohoa kumkumbusha, akaniambia bila kuinua macho:

"Wewe si mgeni wangu, Damiani. Mgeni wangu huja kwa miguu yake na anajua alichofuata. Wewe umeletwa na mhuri."

Kisha akanieleza sheria ya nyumba yake. Hapa pombe huuzwa, haigawiwi. Na anayechota hanywi, awe yeye au mwingine, kwa sababu mchotaji akilewa wateja watamwibia mpaka chungu. Mimi nitachota. Nikitaka kunywa, mlango wa ua uko wazi, nitoke nikamwambie Yeremia kwamba nimeshindwa, aandike. Nilikaa nikafikiri. Jina langu lilikuwa limeandikwa katika daftari lile kwa nyumba tisa kwamba maendeleo ni mazuri, na nina kiburi changu. Nikachukua kata.

Alijua yatakayonipata, na alinipangia kama mtu anayetaja vituo vya barabara aliyoipita mara nyingi. "Leo utatetemeka," alisema. "Ukilala utaona vitu, usivifukuze, vitaondoka vyenyewe. Kesho utatuchukia wote, utaanza na mimi. Kesho kutwa utasikia njaa." Yote yakawa hivyo. Ijumaa nilimwaga pombe nyingi kuliko niliyopima. Jumamosi nilimwambia Mama Klara maneno ambayo siyarudii hapa, naye akanipa uji wa chumvi, kisha togwa, kisha uji tena, akanituma maji kisimani mara sita. Simeoni wa zahanati alikuja jioni zote, kama alivyokuja jioni zote za maisha yake, akanishika mkono kupima mapigo ya moyo huku mkono wake mwingine umeshika kopo. Akasema yanakwenda.

Na wateja, kwa kweli, walitii amri. Hakuna aliyeniona. Walinyoosha makopo huku wametazama juu, na pombe ilipopungua hawakuwa na wa kumgombeza. Mmoja aliongea na kata yenyewe, akaisihi ijaze vizuri.

Jumapili kilabu kilifurika tangu saa nane. Nilikuwa na njaa kweli, nimekula viazi, na kichwa changu kilikuwa chepesi kwa namna iliyonitisha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa ndani ya kilabu na macho mazima. Nisingemwombea adui yangu jambo hilo. Watu niliowajua kwa hekima na ucheshi walikuwa wanasema upuuzi. Mazengo, mswaga mikokoteni aliyehamia kwetu kutoka Ugogo, alisimama juu ya benchi akatoa hotuba jinsi angeiendesha wilaya kama angepewa wiki moja. Alipofika mwisho aliianza upya. Niliijua hotuba ile. Ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeitunga, kwenye benchi lile, na watu waliicheka mpaka wakalia machozi. Nilikuwa nimejiona mchekeshaji mkubwa. Sasa nikasikia kwamba walikuwa wanacheka kabla hata hajafikia pa kuchekesha.

Nilitoka kumwaga machicha nyuma ya ua, ndipo nilipomwona Theodora, mke wa Mazengo. Alikuwa amesimama nje, kwenye pengo la ua wa minyaa, kanga yake amejifunika kichwani kwa ajili ya jua. Mwanamke wa kwetu haingii kilabuni kumtoa mume. Akiingia atakuwa amemvua nguo mbele ya wanaume wenzake. Husimama pale pengoni mpaka mume atoke mwenyewe, kisha huongozana naye asije akaanguka. Wote tunalijua hilo. Nilikuwa nalijua tangu utotoni, na sikuwa nimewahi kulitazama.

Nilirudi nikamuuliza Mama Klara yule mama amesimama tangu saa ngapi.

"Tangu saa nane. Mazengo hatatoka mpaka jua lizame," alisema. Alifuta mikono, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza siku zile tatu. "Magdalena alikuwa anasimama hapo hapo. Karibu na ule mti, ila mti hauna kivuli. Mara moja tu aliniomba kigoda, alipokuwa na mimba ya Dorika."

Mimi siku zote nilidhani nakutana naye njiani. Miaka tisa. Nilikuwa nikitoka kilabuni namkuta yuko hapo, nafurahi, nawaambia wenzangu kwamba mimi na mke wangu tumeumbiwa bahati ya kukutana. Nilikuwa nimelisema jambo hilo hata mbele ya padre, kwa majivuno. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba. Nilichukua kigoda, nikakitoa nje, nikampelekea Theodora. Alikataa kukaa. Alisema nisimsumbue, kwamba amri ya balozi ni kutoniona.

Jumatatu asubuhi zamu ikaisha. Yeremia alikuja na wazee wawili, akanusa pumzi yangu, akanifanya nitembee juu ya mstari aliouchora kwa fimbo, akaandika kwamba mpango wa nyumba kumi umefaulu na kwamba kata ishauriwe kuupeleka vijiji vingine. Nilijaribu kumweleza kuhusu nyumba tisa za kwanza. Akasema kwenye ripoti hayo huitwa changamoto za mwanzo. Sikungoja amalize.

Nyumbani nilimkuta Marko amekwisha fika. Mkokoteni ulikuwa mbele ya mlango na ng'ombe wamefungwa nirani, vichwa vimeelekea Ikungi. Vyungu vilikuwa vimepakiwa, na godoro, na Dorika juu ya godoro ameshika kuku. Magdalena alikuwa ndani anafunga mizigo ya mwisho.

Nilitaka kuingia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Lakini nilipofika kwenye pengo la ua wetu miguu iligoma, na nikajua kwamba maneno yote niliyoyapanga nimekwisha kumwambia zamani, kila moja, kwa pumzi ya mtukuru. Basi nikasimama pale. Marko alinikaribisha, shemeji ingia tuzungumze. Nikamshukuru nikabaki nilipo. Jua likapanda. Majirani walipita wakasalimia, wengine bado hawakujua kama wanaruhusiwa kuniona. Magdalena alichungulia mlangoni mara moja, akarudi ndani. Akachungulia tena. Visigino viliniuma, jasho liliniingia machoni, nilisikia kiu ya maji na kiu ile nyingine, na sikuwa nimejua kwamba kusimama bila kufanya lolote ni kazi ngumu kuliko kuchimba kisima. Na hiyo ilikuwa asubuhi moja.

Saa sita alitoka. Alikuja mpaka pengoni, akasimama hatua mbili kutoka kwangu. Hakusogea kutafuta upepo.

"Baba Dorika, ingia ndani," alisema. "Watu wanakuona."

"Wewe walikuona miaka tisa," nilimwambia.

Alinitazama mikono, ambayo ilikuwa inatetemeka bado, si sana. Akanitazama usoni muda mrefu, na mimi sikuahidi kitu, kwa sababu sikuwa na ahadi iliyobaki ambayo haijatumika. Kisha akageuka.

"Marko," alisema, "wafungue hao ng'ombe wakanywe maji."